Owino Uhuru: Kupima sumu bila kuiondoa ni kazi nusu

UAMUZI uliotolewa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 6, 2024, wa kurejesha fidia ya wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ulikomesha vuta nikuvute ya kisheria iliyodumu karibu miaka tisa. Haukukomesha tatizo lenyewe. Madini ya risasi yaliyotua katika udongo wa kijiji hicho hayaondoki kwa amri ya mahakama. Huondoka pale tu udongo unapochimbwa, ukapakiwa na kupelekwa mahali salama.

Hapo ndipo penye swali ambalo kesi hiyo imeliacha mlangoni pa serikali. Idara za umma zikishapima sumu mahali fulani na kuthibitisha kuwa ipo, zinawiwa nini na watu wanaoishi juu ya udongo huo? Kwa miaka mingi jibu limekuwa kwamba zinawiwa ripoti. Yaliyotokea Owino Uhuru yanaonyesha kuwa jibu hilo halitoshi, na kwamba kipimo kisichofuatwa na kazi ya kuondoa sumu huweza hata kugeuzwa kisingizio cha kuendelea kungoja.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda ulioko Mikindani, katika eneobunge la Jomvu, ambalo hadi mipaka mipya ilipoanza kutumika katika uchaguzi mkuu wa 2013 lilikuwa sehemu ya Changamwe. Una wakazi wapatao 3,000. Kando yake kabisa kilijengwa kiwanda cha kampuni ya Kenya Metal Refineries EPZ, ambacho kati ya 2007 na 2014 kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi ya kuuzwa nje ya nchi.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Betri huvunjwa, tindikali yake hutolewa, kisha vibao vya ndani hutiwa katika tanuri. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, joto dogo mno likilinganishwa na lile la kuyeyusha chuma, na ndiyo maana biashara hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Gharama iko katika kuifanya kwa usalama: vichujio vya moshi, mabwawa ya kuzuia maji taka, mahali maalumu pa kuhifadhi masalia ya tanuri, na mavazi ya kinga kwa wafanyakazi. Gharama hizo zikikwepwa, moshi hubeba chembechembe za madini na kuzitua juu ya mabati, kwenye ndoo za maji, kwenye nguo zilizoanikwa na katika viwanja ambamo watoto hucheza.

Tofauti na takataka nyingine, risasi haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Iliyoanguka mwaka wa 2008 ingali risasi ile ile leo, isipokuwa imezolewa na mvua, upepo au mikono ya watu. Ndani ya mwili huidanganya mifupa ikadhaniwa kuwa ni kalsiamu, nayo huhifadhiwa humo kwa miongo. Mwanamke akipata mimba, risasi iliyolala mifupani hurejea katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watoto wadogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kutokana na kiasi kile kile wanachokimeza, na hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Madhara yake ni kudumaa kwa uwezo wa kujifunza, upungufu wa damu, maradhi ya figo, shinikizo la damu na kuharibika kwa mimba.

Habari za sumu hiyo hazikuibuliwa na mkaguzi wa serikali. Zilitokana na mfanyakazi wa kiwanda hicho. Phyllis Omido aliajiriwa mwaka wa 2009 kushughulikia uhusiano kati ya kampuni na jamii, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya athari za kiwanda kwa mazingira. Wataalamu waliohusika walieleza kuwa kiwanda kilikuwa karibu mno na makazi ya watu. Baada ya mwanawe mchanga kuugua na kupatikana na risasi mwilini, Omido aliacha kazi hiyo na kuanza kuwahamasisha wanakijiji. Mnamo 2012 alikamatwa pamoja na wenzake wakati wa maandamano, akashtakiwa, kisha akaachiliwa huru na mahakama. Mwaka wa 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na shirika alilolianzisha, Center for Justice, Governance and Environmental Action, ndilo lililowasimamia wakazi mahakamani. Wanaharakati wanasema zaidi ya watu 20 walifariki kutokana na sumu hiyo.

Serikali nayo, ilipofika hatimaye na vifaa vyake vya kupimia, ilifanya kazi ya kitaalamu ambayo haifai kubezwa. Katikati ya 2015, watafiti wa Wizara ya Afya wakishirikiana na wenzao wa Marekani walichukua damu ya watoto 65 wa Owino Uhuru wenye umri wa kati ya miezi 12 na 59. Ili wapate cha kulinganishia, walichukua pia damu ya watoto 65 wa rika hilo katika mtaa wa Bangladesh, ambao nao uko Jomvu. Udongo wa mitaa yote miwili ulipimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018.

Kwa wastani, damu ya watoto wa Owino Uhuru ilikuwa na maikrogramu 7.4 za risasi kwa kila desilita, nayo ya watoto wa Bangladesh maikrogramu 3.7. Aliyeathirika zaidi Owino Uhuru alikuwa na maikrogramu 31. Udongo wa Owino Uhuru ulikuwa na wastani wa miligramu 146.5 za risasi kwa kilo, ilhali ule wa Bangladesh ulikuwa na miligramu 11.5. Maana yake ni kwamba udongo wa mtaa uliopakana na kiwanda ulikuwa na risasi zaidi ya mara 12 ya mtaa mwingine wa eneobunge lilo hilo.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa makini, kwa kuwa zina mambo matatu ambayo huenda yakapita bila kutambuliwa.

La kwanza ni wakati. Risasi haikai sana katika damu. Mtu akiondolewa mahali penye sumu, nusu ya kiasi kilichomo damuni hutoweka kwa muda wa takriban mwezi mmoja, sehemu ikitoka kwa mkojo na nyingine ikihamia mifupani. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwanzoni mwa 2014, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya damu hiyo kuchukuliwa. Kwa hivyo kipimo cha 2015 hakiwezi kueleza kiasi cha sumu walichokuwa nacho watoto siku ambazo tanuri lilikuwa likiwaka. Ushahidi huo ulipotea kwa sababu haukukusanywa kwa wakati wake.

Hata hivyo, kuchelewa huko kulifichua jambo jingine. Mtoto aliyekuwa na umri wa miezi 12 katikati ya 2015 alizaliwa katikati ya 2014, moshi ukiwa umeshakoma. Iwapo mtoto kama huyo alikuwa na risasi mwilini, hakuipata katika hewa ya kiwanda. Aliipata tumboni mwa mamake, au katika vumbi na udongo alipoanza kutambaa. Kufungwa kwa kiwanda kuliziba mfereji mmoja tu wa sumu, na ule uliosalia ulikuwa chini ya miguu ya watu.

La pili ni wastani wa udongo. Marekani kwa muda mrefu ilitumia miligramu 400 kwa kilo kama kiwango cha kutahadharisha kuhusu udongo wa makazi, kabla ya kukishusha hadi 200 mnamo Januari 2024. Ofisa anayetaka kujivua lawama anaweza kuitazama miligramu 146.5 ya Owino Uhuru na kudai kuwa iko chini ya viwango vyote viwili. Dai hilo lingekuwa upotoshaji. Watafiti walikuta tofauti kubwa mno kati ya sampuli moja na nyingine, kumaanisha kuwa yapo maeneo yaliyokuwa na kiasi kidogo na mengine yaliyozidi wastani mara kadhaa. Mtoto hachezi katika wastani wa kijiji. Huchezea ua wa kwao, na ikiwa ua huo uko chini ya ukuta wa kiwanda au kwenye njia ya maji taka, wastani haumkingi kwa lolote. Damu ya watoto ndiyo shahidi anayeaminika zaidi, nayo ilisema kuwa mambo si shwari.

La tatu linauhusu mtaa wa Bangladesh, na ndilo lililozungumziwa kwa uchache kuliko yote. Mtaa huo ulichaguliwa ili uwe mfano wa mahali pasipo na kiwanda. Udongo wake ulikuwa na risasi kidogo, lakini watoto wake walikuwa na wastani wa maikrogramu 3.7 katika damu, na mmoja alifikia 18. Tangu 2021, Marekani huhesabu maikrogramu 3.5 kuwa ishara kwamba mtoto ana risasi nyingi kuliko wenzake na anafaa kufuatiliwa, nayo WHO mwaka huo huo ilipendekeza hatua zichukuliwe kuanzia maikrogramu 5. Kwa maneno mengine, hata mtaa uliotumiwa kama kielelezo cha usalama haukuwa salama vya kutosha. Kama udongo haukuwa chanzo, basi kilikuwa kitu kingine: rangi za nyumba, vyombo vya kupikia, uchomaji wa taka au kazi za jua kali. Kipimo kilifungua mlango wa uchunguzi mpana zaidi kuhusu bara la Mombasa, na uchunguzi huo ndio uliostahili kuwa hatua iliyofuata.

Kitaalamu, tiba ya watoto wengi wa Owino Uhuru haikuwa dawa. WHO hupendekeza dawa za kuitoa risasi mwilini hasa kwa watoto waliofikisha maikrogramu 45 na zaidi. Kwa walio chini ya hapo, la msingi ni kuondoa chanzo cha sumu na kuwapa lishe yenye madini ya chuma na kalsiamu, ili mwili upunguze kuifyonza risasi. Kwa watoto wa kijiji hicho, tiba kubwa zaidi ilikuwa sepetu na lori la udongo safi.

Nigeria ilijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka wa 2010 katika jimbo la Zamfara, watoto zaidi ya 400 waliripotiwa kufariki kutokana na risasi iliyokuwamo katika mawe ya dhahabu ambayo wanakijiji walikuwa wakiyasaga nyumbani. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walioitwa kutibu watoto hao walishikilia kuwa nyumba zisafishwe kwanza, kwa sababu kumtibu mtoto na kumrudisha katika ua wenye sumu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Udongo wa juu ulichimbwa na kuzikwa, ukaletwa mwingine. Kijiji cha Bagega, kilichosubiri fedha za serikali kuu, hakikuanza kusafishwa hadi mapema 2013, na muda wote huo watoto wake hawakuweza kutibiwa ipasavyo.

Senegal nayo ilikuwa imeonyesha hatari ya betri miaka miwili kabla ya hapo. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo betri kuukuu zilivunjwavunjwa na udongo kuchekechwa ili kupata risasi. Habari hizo zilifikia dunia nzima wakati tanuri la Mikindani lilikuwa changa. Hakuna mamlaka yoyote ya mazingira barani Afrika ingeweza kusema baada ya hapo kwamba haikujua betri zinaweza kuua.

Kenya haikukosa sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), inataka athari za miradi ya aina hii zitathminiwe kabla ya leseni kutolewa, na viwanda vikaguliwe baada ya kuanza kazi. Kanuni za 2003 zilifafanua jinsi ya kufanya tathmini hizo, na zile za 2006 zikaweka masharti ya kushughulikia taka hatari. Sheria hiyo hiyo iliunda Hazina ya Kitaifa ya Kurejesha Mazingira, na kuruhusu wenye viwanda vya hatari watakiwe kuweka dhamana ya fedha. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila hata kuthibitisha kuwa kuna aliyeumia au kupata hasara.

Pengo lilikuwa mahali pengine. Idara inayotoa leseni ndiyo inayokagua, ndiyo inayopima uchafuzi baada ya malalamishi, na ndiyo inayotarajiwa kuagiza usafishaji. Ripoti ikifichua kuwa leseni haikustahili kutolewa, mwandishi wa ripoti na mwenye kosa ni jirani katika ofisi moja. Wahenga waliuita mtindo huo kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Seneti, kupitia kamati yake ya afya, ililizamia suala hilo baada ya kupokea malalamishi ya wakazi na kuandaa ripoti mwaka wa 2015. Mwaka uliofuata wakazi kumi waliwasilisha kesi kwa niaba ya wenzao katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa. Mnamo Julai 16, 2020, Jaji Anne Omollo aliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa. Aliagiza walipwe Sh1.3 bilioni katika siku 90, na udongo na maji ya kijiji yasafishwe katika miezi minne. Usafishaji usipofanyika, Sh700 milioni zilipwe ili kazi hiyo isimamiwe na shirika lililowatetea wakazi.

Mgawanyo wa lawama katika hukumu hiyo unaeleza mengi. NEMA ilibebeshwa asilimia 40. Wizara ya Mazingira, Wizara ya Afya na mamlaka inayosimamia maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, EPZ, zilipewa asilimia 10 kila moja. Kampuni iliyoendesha tanuri ilitwikwa asilimia 25, na iliyomiliki ardhi asilimia 5. Jumla ni kwamba asilimia 70 ya mzigo iliangukia idara za umma, yaani mlipa ushuru, wakiwemo wakazi wenyewe wa Jomvu wanaponunua sukari na mafuta ya taa. Kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe imo katika sheria, lakini haifanyi kazi iwapo dhamana haikudaiwa mapema na mwenye tanuri ameshafunga lango.

Baadaye ilidhihirika jinsi upimaji haba unavyoweza kuwageukia waathiriwa. Mnamo Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua kiasi cha fidia na kuagiza suala hilo lirejeshwe mahakama ya chini ili hasara itathminiwe upya kwa ushahidi. Kisheria hoja ya aina hiyo ina uzito wake, maana fedha za umma hazitolewi kwa kukisia. Lakini ushahidi wa kila mtu ungetoka wapi? Watoto 130 walipimwa katika utafiti huo, ilhali kijiji kina watu wapatao 3,000. Waliofariki hawakuacha damu maabarani. Waliokuwa na kilele cha sumu mwaka wa 2010 hawangeweza kukionyesha mwaka wa 2023. Serikali isiyopima kwa wakati haipaswi kunufaika na ukosefu wa vipimo. Mahakama ya Juu iliporejesha tuzo ya 2020, muda wa siku 90 ulikuwa umegeuka miaka minne na miezi minne na zaidi, na udongo ulikuwa bado haujasafishwa.

Kuna mataifa yaliyojaribu kuvunja mzunguko huo kwa sheria. Baada ya kashfa ya Love Canal katika jimbo la New York, ambako nyumba na shule zilijengwa juu ya taka za kemikali na familia zikalazimika kuhamishwa kuanzia 1978, Marekani ilipitisha sheria ya usafishaji wa maeneo yenye sumu mwaka wa 1980. Sheria hiyo iliunda shirika la afya la kutathmini sumu katika maeneo hayo, lililotengwa na mamlaka ya mazingira. Mabadiliko ya 1986 yalilazimisha kila eneo linaloingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kupewa kipaumbele lifanyiwe tathmini ya afya kwa muda uliowekwa. Risasi imekuwa ya pili katika orodha ya shirika hilo ya sumu zinazotia wasiwasi zaidi katika maeneo ya taka hatari, nyuma ya aseniki.

Mpango huo una kasoro zake. Ushauri wa shirika hilo si amri, na yapo maeneo yaliyongoja usafishaji kwa miongo. Hata hivyo, una mambo mawili ambayo Kenya inaweza kuyaiga bila gharama kubwa. Anayepima afya ya watu si yule aliyetoa leseni, na eneo likishaingia katika orodha ya wazi, haliwezi kusahauliwa kimyakimya, kwani kila mtu anajua liko hatua ipi.

Bara la Mombasa lina sababu ya kudai orodha kama hiyo. Kwa miongo mingi, kisiwa kimekuwa kikiusukuma mzigo wa viwanda na taka ng'ambo ya maji. Changamwe ilipokea kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi tangu 1963 hadi 2013, pamoja na matangi na mabomba yake. Kibarani, kandokando ya barabara inayoingia mjini, palitupwa taka kwa miaka mingi kabla ya jaa hilo kufungwa na upandaji miti kuanza. Kisauni ina jaa la Mwakirunge, na Likoni ina la Shonda, ambako watu huchakura taka wakitafuta vyuma, plastiki na vifaa vya umeme vya kuuza. Maeneo haya yana historia tofauti na Owino Uhuru, na haitakuwa haki kudai kuwa yana sumu ile ile. Linalofanana ni swali: ni nini kilichomo katika udongo, nani ameupima, na matokeo yako wapi mkazi wa kawaida aweze kuyasoma kwa Kiswahili? Nyasi na miti juu ya jaa la zamani hupendeza macho, lakini si cheti cha afya.

Swali hilo ni zito zaidi upande wa Likoni, ambako eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu linaendelezwa. Viwanda vinavyotarajiwa huko vitaleta ajira ambazo vijana wa Pwani wanazihitaji, na hakuna anayetetea mazingira kwa kutaka wakae bila kazi. Ni pale, kabla ya bomba la kwanza la moshi kuinuliwa, ndipo kipimo cha awali cha udongo, maji na damu ya watoto kinapokuwa rahisi na cha thamani. Owino Uhuru ilikosa kipimo hicho, na kwa kukikosa, kila mjadala uliofuata ulianza kwa kubishana kuhusu sumu ilitoka wapi na lini.

Watakaopinga watasema fedha hazipo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa kaunti zinazohudumia afya tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013 mara nyingi hukosa hata dawa za kawaida. Lakini hesabu ya Owino Uhuru inaelekea upande mwingine. Tanuri moja, lililofanya kazi kwa miaka isiyozidi saba, limeliachia taifa deni la Sh2 bilioni ukijumlisha fidia na usafishaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu umeshapangiwa bei na mahakama.

Yanayohitajika yanajulikana. Kwanza, tathmini ya afya katika maeneo yenye sumu itengwe na ofisi inayotoa leseni. Pili, sheria iweke muda: ikithibitishwa kuwa watoto wana sumu, usafishaji uanze katika miezi kadhaa, gharama ikitoka katika dhamana ya kiwanda au hazina ya kurejesha mazingira, na mabishano kuhusu nani alipe yaendelee baadaye. Tatu, kila familia iliyotoa damu ipewe matokeo yake na maelezo ya kuyaelewa. Nne, watoto waliopimwa waandikishwe na kufuatiliwa. Wale wa 2015 sasa wanakaribia ujana au wameshauingia, na walimu wao wana haki ya kujua ni kwa nini mwanafunzi fulani anatatizika kusoma kabla ya kumwita mvivu.

Fidia italipa sehemu ya kilichopotea, lakini haitamrejesha aliyefariki wala akili iliyodumazwa utotoni. Kinachoweza kuokolewa bado ni watoto watakaozaliwa kijijini humo mwaka huu na ujao. Kwa hao, kazi iliyoanzishwa na watafiti mwaka wa 2015 itakamilika tu siku udongo wa Owino Uhuru utakapopimwa tena baada ya kusafishwa, pamoja na damu ya watoto wanaoucheza, na takwimu mpya zikabandikwa mahali ambapo mama zao wanaweza kuzisoma.